Barua Iliyolala Miezi Kumi

Ndugu msomaji, mtu aliyefanya kazi masjala kwa miaka 34 hawezi kuiona bahasha iliyofunguliwa kisha ikafichwa asitamani kujua ndani yake mna nini. Huo ni ugonjwa wa kazi, na kustaafu hakukuniponya. Kwa hiyo usinihukumu upesi nikikueleza kwamba mwishoni mwa Januari, 2023, nikiwa mgeni nyumbani kwa dada yangu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, nilisoma barua ambayo haikuandikwa kwa jina langu.

Dada alikuwa amepasuliwa goti, nami nilikwenda kumwuguza. Siku hiyo nilikuwa nikitafuta mwiko katika droo ya jikoni. Chini ya vijiko, vipande vya mishumaa na funguo zisizo na kufuli, nikaikuta bahasha nene ya serikali, imechanwa pembeni kwa hasira na karatasi zake zimerudishwa ndani hovyo. Ilikuwa ya mpwa wangu. Tarehe yake ni 14 Machi, 2022.

Mpwa wangu huyu aliondoka Tanga akiwa na umri wa miaka 11, mama yake alipopata kibali cha kuishi Marekani kwa bahati nasibu. Mwaka 2008 aliingia jeshini kwa hiari yake, kama sheria za kule zinavyomruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, na uraia akaupata akiwa ndani ya sare. Mwaka 2010 alipelekwa Afghanistan, katika jimbo la Kandahar. Huko alianguka kutoka juu ya lori akiwa na mzigo wake wote wa kiaskari, akatua kwa mgongo juu ya mawe. Alipewa vidonge na mapumziko ya siku mbili, kisha akarudi kazini. Jeshini alitoka mwaka 2012. Nilipofika kwao nilimkuta akifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala la bidhaa, na mchana akilala sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa, kwa sababu godoro humwumiza.

"Mjomba, hiyo achana nayo," aliniambia nilipomwonyesha bahasha. "Walishakataa. Wamesema mimi mwongo."

Nikaketi na kamusi yangu nikaisoma barua ile mara tatu. Neno "mwongo" halikuwamo. Marekani inayo idara nzima ya serikali inayoshughulikia mambo ya askari wa zamani, na miongoni mwa kazi zake ni kuwalipa fidia wale walioumia au kuugua kwa ajili ya utumishi wao. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, kuanzia sifuri hadi 100, kwa ngazi za kumi kumi. Barua ilimkubalia mpwa wangu jambo moja, mlio usiokwisha masikioni, kwa asilimia 10. Mgongo ndio uliokataliwa, na sababu zake zilielezwa katika ukurasa wa nne, ambao nina hakika hakuufikia.

Ili dai la namna hiyo likubaliwe, kwa kawaida hutakiwa mambo matatu: kwamba mtu anao ugonjwa au jeraha leo, kwamba lipo jambo lililompata akiwa jeshini, na kwamba hili la leo limetokana na lile la zamani. Sasa tazama jalada la kijana wetu. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu ya zahanati ya kambi, ya mwaka 2010. Baada ya hapo hapakuwa na cheti chochote cha daktari, maana kwa miaka zaidi ya kumi yeye alikuwa akinunua vidonge dukani na kumeza. Idara ilimwita kwa daktari mpimaji. Hakwenda. Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi, naye alitoka zamuni saa moja. Akajinyoosha kidogo, akaamka saa nane mchana. Hakupiga simu kujieleza, aliona haya. Dai likaamuliwa kwa karatasi zilizokuwamo, nazo hazikutosha hata kufunika kiganja.

Katika maisha yangu nimeyafungua majalada yasiyo na idadi, na naweza kukuambia kwamba ofisa anayeandika "limekataliwa" mara nyingi hamjui mwombaji wala hana ugomvi naye. Anafungua jalada, analiona jembamba, anaandika hivyo na kutaja kilichopungua. Mpokeaji naye husoma lile neno moja lililo juu, damu ikampanda, akaifunga barua. Kilichopungua kinabaki hapo chini bila kusomwa. Hata mimi nimewahi kufanya hivyo, tena kwa barua ya shule ya mwanangu, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kijana alinisikiliza huku akitazama ukuta. Ndipo nilipomsimulia habari za babu yake, ambazo mama yake alizijua lakini hakuwahi kumwambia.

Marehemu baba yetu alikuwa askari wa King's African Rifles. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, tope likifika magotini na malaria ikiwaangusha watu, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Alirudi nyumbani mwaka 1946 na mguu usiokunjika. Akapata kazi ya kuhesabu matita katika shamba la mkonge, na karatasi zake za jeshi akaziweka katika kopo la biskuti. Mwaka 1971, mimi nikiwa wa kwanza nyumbani kujua kusoma Kiingereza, nililifungua kopo lile nikakuta barua iliyopigwa taipu, ya mwaka 1951. Baba alikuwa ameomba kufikiriwa kwa ajili ya mguu wake. Ilipokuja barua, aliipeleka kwa bwana mmoja pale shambani aliyesifika kwa Kiingereza, naye aliitupia jicho akasema, "Wamekataa."

Barua haikukataa. Ilimtaka apeleke namba yake ya jeshi na cheti cha daktari kuhusu mguu, ndipo shauri lake litazamwe. Ilikuwa imekaa koponi miaka 20. Nilimtafsiria baba neno kwa neno, nikijiona msomi mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja karatasi palepale ilipokunjwa zamani, akairudisha koponi, akaniuliza kama nimewafunga mbuzi.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Zimebaki siku ngapi, mjomba?"

Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Januari. Zilibaki siku 44.

Hapa, ndugu msomaji, nikueleze jambo la siku, maana ndilo lenye fedha na ndilo wengi hulipuuza, na wewe huenda unaye mtoto au ndugu kule aliyevaa sare. Mtu akipinga uamuzi ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, na akashinda, kwa kawaida malipo yake huhesabiwa kurudi nyuma hadi siku alipopeleka dai lake la kwanza. Mwaka ukimpita, bado anaweza kurudi na ushahidi mpya, lakini kuhesabiwa huanza upya tangu siku aliyorudi. Dai la mpwa wangu lilikuwa la Oktoba, 2021. Kila siku aliyoiacha bahasha chini ya vijiko ilikuwa inazila fedha zake polepole.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2017, na kuanza kutumika tarehe 19 Februari, 2019, imeweka njia tatu za kupinga. Ya kwanza ni kulirudisha dai pamoja na ushahidi mpya unaohusika. Ya pili ni kuomba ofisa wa ngazi ya juu alitazame upya jalada lilelile, pasipo kuongezwa karatasi hata moja; hiyo humfaa mtu ambaye ushahidi wake ulikuwamo ila haukusomwa vizuri. Ya tatu ni kwenda mbele ya Bodi ya Rufaa iliyoko Washington, ambako jaji huamua kwa jalada lilivyo, au kwa kupokea ushahidi zaidi, au kwa kumsikiliza mhusika mwenyewe. Asiporidhika na Bodi anazo siku 120 za kwenda mahakamani.

Usidhani milango hiyo ilikuwa wazi tangu zamani. Mahakama ya mashauri ya askari wa zamani iliundwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo, ofisi ikishakataa na bodi yake ikakataa, mambo karibu yote yaliishia hapo. Tena ilikuwapo sheria ya tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ya mwaka 1864, iliyomkataza wakili kupokea zaidi ya dola 10 kwa shauri moja la askari. Ilikusudiwa kuwakinga askari na walanguzi, nayo ikageuka kuwa kizuizi, kwa kuwa ni wakili gani atakayeshika shauri la miaka mitatu kwa dola 10? Mahakama Kuu ya nchi iliikubali sheria hiyo hata mwaka 1985.

Mpwa wangu, alipokwisha kuamka, aliamka kwa fujo. Alitaka kwenda Washington moja kwa moja akaseme na jaji uso kwa uso. Aliyemtuliza ni mzee mmoja aliyepigana Vietnam, mwakilishi wa chama cha askari wa zamani pale mjini. Vyama kama American Legion, Veterans of Foreign Wars na Disabled American Veterans vinao watu waliothibitishwa na serikali kwa kazi hiyo, na kwa msaada wao hawatozi hata senti. Mzee yule alituonya pia juu ya wale wanaopiga simu wakiahidi ushindi kwa kukatiwa sehemu ya malipo. Kisha akavaa miwani, akalisoma jalada lote huku sisi tumeketi kimya. "Jaji atakusikiliza kwa heshima," alimwambia kijana, "halafu atatafuta cheti cha daktari, na hakipo. Utakuwa umengoja foleni ndefu kuliko zote ili uambiwe neno lilelile." Njia yetu ni ya kwanza.

Ushahidi wenyewe sasa. Mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba ile karatasi moja ya zahanati ni haba mno. Mzee akacheka, akasema wapo ambao hawana hata hiyo. Tarehe 12 Julai, 1973, moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za utumishi wa askari huko St. Louis, ukateketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960. Hapakuwa na nakala. Nakiri kwamba habari hiyo ilinitia kichefuchefu, kama vile kumwambia mkulima habari za nzige. Watu wale iliwabidi wajenge mashauri yao kwa barua walizowaandikia mama zao, picha, na maneno ya wenzao waliokuwapo. Maneno ya shahidi aliyeona kwa macho yake yana uzito kwa sheria ile, madhali asitoke nje ya alichokiona.

Basi tukampigia simu mwenzake aliyekuwa nyuma ya lori siku ile, ambaye sasa anaishi Texas. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita. Walizungumza saa mbili, na katika hizo, habari za mgongo zilichukua labda dakika kumi. Barua yake ilifika baada ya siku nne, fupi na kavu kama ripoti, nzuri kabisa.

Ya dada ndiyo iliyotutoa jasho. Alisema hawezi kuyaandika ya mwanawe kwa Kiingereza, nikamwambia aandike Kiswahili nami nitafsiri. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa tano: mwanangu ni mtoto mwema, mcha Mungu, hajapata kugombana na mtu, analisaidia taifa lake, naomba mumwonee huruma. Niliposomea mzee tafsiri yake alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Mwambie mama hakuna aliyesema mwanawe si mwema. Mwulize ameona nini."

Dada alikasirika kidogo. Jioni, akiwa ameuinua mguu wake juu ya stuli, alianza kusema, nami nikaandika. Kwamba kabla ya kwenda jeshini kijana alikuwa akibeba gunia la mchele kutoka garini hadi ghorofa ya pili bila kupumzika. Kwamba aliporudi, pale uwanja wa ndege, alimwomba mdogo wake wa kike amwokotee begi lililoanguka, naye mama akadhani ni mzaha. Kwamba amelala sakafuni tangu mwaka huo. Hapo alinyamaza, kisha akasema, "Andika hivi. Tangu Ramadhani ya mwaka 2012 anaswali juu ya kiti. Alikuwa na miaka 23." Rasimu ya pili haikuzidi ukurasa mmoja na nusu. Hakuna ombi la huruma ndani yake. Nimepata kuandika barua nyingi za kiofisi, na sijaandika iliyokuwa na nguvu kama hiyo.

Kijana akaenda hospitali akapigwa picha ya uti wa mgongo. Ugonjwa ukapewa jina, na daktari akatoa maoni yake kwa maandishi. Tukapeleka kila kitu tarehe 6 Machi, siku nane kabla ya mwaka kutimia. Mwezi wa Aprili akaitwa tena kwa daktari mpimaji. Safari hii mimi ndimi niliyemwamsha.

Mzee alikuwa amempa onyo moja ambalo sitalisahau. "Daktari akikuuliza hujambo, usimjibu kwamba hujambo." Ndugu msomaji, hilo kwetu ni gumu kuliko sheria zote. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa tumebebwa kwa machela, na "nzuri" huku machozi yanatutoka, ndipo baadaye, kwa kuzungukazunguka, tuseme kinachotusibu. Yule mpimaji ana muda mfupi, na analoambiwa mlangoni huliandika. Garini kijana alikuwa akijizoeza: mgongo unauma, siwezi kuinama kufunga viatu, nikisimama saa moja mguu wa kushoto unakufa ganzi. Alisema kwa sauti ndogo kama mtu anayetubu dhambi.

Kipimo cha sheria, kama alivyonieleza mzee, si lazima mtu athibitishe jambo bila chembe ya shaka. Ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukikaribiana uzito, askari ndiye hupewa haki. Mwaka 1990 mahakama ile mpya ilifananisha kanuni hiyo na besiboli ya watoto mitaani, ambapo mkimbiaji na mpira wakifika kituoni pamoja, mkimbiaji ndiye aliyefika. Kwa hiyo maneno anayoyatafuta ofisa katika maoni ya daktari ni kwamba yaelekea, angalau nusu kwa nusu, maumivu yametokana na utumishi. Nusu kwa nusu. Laiti baba angeyajua hayo!

Mwezi Mei nilirejea nyumbani. Mwezi Julai simu ikalia usiku. Mgongo umekubaliwa, asilimia 20, tangu siku ya dai la kwanza.

"Ishirini na kumi ni thelathini," nilisema.

"Hapana, mjomba, ni ishirini na nane."

Hesabu yao ni ya ajabu. Huchukua kwanza kilema kikubwa, 20, wakasema mtu huyu amebaki mzima kwa 80. Kisha wanachukua 10 katika hiyo 80, ambayo ni nane. Jumla 28, nayo huisogeza hadi kumi iliyo karibu, ikawa 30. Tumezunguka mbuyu tukarudi palepale. Lakini kwa viwango vya mwaka 2023, asiye na mke wala mtoto alilipwa dola 165.92 kwa mwezi kwa asilimia 10, na dola 508.05 kwa asilimia 30, na malimbikizo ya tangu mwaka 2021 yalikuja kwa mkupuo. Godoro jipya lilinunuliwa, gumu kama ubao, kwa ushauri wa daktari. Dada anasema siku ya kwanza kijana alilala humo saa kumi, naye alifungua mlango mara tatu kuhakikisha anapumua.

Nikampongeza, nikamwombea dua, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Akasema bado anasoma. Yuko ukurasa wa nne. Habari za ganzi ya mguu wa kushoto, ambayo alimweleza daktari, hazikuamuliwa popote katika barua ile, si kwa kukubaliwa wala kwa kukataliwa, na yeye anataka kujua kwa nini. Ameibandika barua mlangoni mwa jokofu, ameizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na mzee wa chama amempa miadi siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, baada ya usingizi.